Kishikizo cha Siku Tisini

Baba yangu hufua masanduku ya bati pale Gikomba,
yale ya wanafunzi wa bweni, jina la mtoto kwa rangi nyeupe.
Husifu kazi yake hivi: "Sanduku langu litakuzika."
Basi siku niliyomwambia nimeacha mshahara
ili nitengeneze kitu kinachooza
aliweka nyundo chini, akaniangalia
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya noti bandia.

Bahari yangu ni pipa la buluu, lita mia mbili,
Kariobangi, nyuma ya karakana ya milango.
Maji ya bomba nayaacha yalale siku mbili, klorini itoke.
Chumvi naipima kwa mizani ya muuza njugu,
gramu thelathini na tano kwa lita, bila kuonja,
ingawa nilionja.
Stima ikipotea pampu hunyamaza,
nami huamka kuikoroga bahari kwa mwiko.

Unga wa muhogo, mwani uliosagwa, nyuzi za katani, nta ya nyuki.
Nachemsha. Atsango, mtoto wa jirani, huja na kikombe
akidhani ni uji. Nilimkatalia mara nne.
Mara ya tano aliiba kijiko, akasema
umekosa sukari.

Kinachotoka ni kishikizo kidogo, kama sikio la kikombe,
cha kufungia mlango wa dema.
Maana dema likikatika kamba halijui kwamba limepotea.
Huko chini linaendelea na kazi:
changu anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha changu mwingine,
mwaka mzima, bila mwenyewe, bila mlaji.
Nataka mlango ule uchoke.
Siku ya tisini uachie,
samaki atoke kama mtu aliyekuta geti halijafungwa.

Wiki ya sita kilikuwa bado kinang'aa.
Kizima, kana kwamba kimetoka dukani jana.
Bahari yangu ilikuwa safi mno:
chumvi isiyo na uhai haiozeshi, huhifadhi.
Muulize ng'onda.
Nikampigia Mwanasha, niliyesoma naye, yuko Vanga.
Akanitumia tope kwa basi, mtungi wa lita tano.
Karani wa vifurushi aliushika kwa vidole viwili.
"Dada, humu mna nini?"
"Mna bahari."
Akaandika: Vyakula.

Nikaanza kuhesabu upya.

Wako wanaoniuliza, wewe wa Nairobi, bahari yakuhusu nini?
Huwapeleka darajani.
Kifuniko cha soda kinapita, mfuko wa maziwa, kandambili moja.
Mto huu unaingia Athi, nawaambia,
Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki,
na Sabaki hauna pengine pa kwenda.
Kandambili ile itaiona Malindi kabla yangu.

Kudumu ni rahisi. Plastiki hudumu bila kufikiri.
Kazi ni kukifundisha kitu ushupavu wa miezi mitatu
na baada ya hapo
adabu ya kuondoka.

Siku ya thelathini baba alikuja, hakusalimu, akaomba koleo.
Alikivuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama.
Kikakataa.
"Mh," akasema, akanawa mikono.

Siku ya sitini kilikuwa na utelezi, na harufu
iliyomfanya mama Atsango afunge dirisha kwa gazeti.

Siku ya themanini na tatu, saa kumi alfajiri,
jiwe lililoning'inia kwacho likagota chini ya pipa: du.
Nilimpigia kabla hata ya kuwasha taa.
Baba, kimekatika! Kimeoza!
Kimya. Redio yake, mbali, ikisoma bei za mahindi.
"Ulisema tisini."
"Ndiyo."
"Basi umekosea siku saba."
Akakata simu.

Nilisimama juu ya pipa na tochi, mkono umelowa hadi kwenye kiwiko.
Sikuwa nimemtajia ni siku ya ngapi.

Kundi la pili nikaongeza nta.